Siku Chamsudine Alipopiga Linux

Risasi ilipolia nyuma ya msikiti, Chamsudine alikuwa ameinamia kompyuta ya Mwalimu Luzia, akisoma mstari wa mwisho wa kazi iliyomtoa jasho tangu asubuhi. Mstari ule ulisema mashine inaandika kile kipande kidogo cha programu ambacho huiamsha kila inapowashwa. Hakusubiri umalizike. Mkono wa kulia ulichomoa waya wa umeme, wa kushoto ukang'oa flashi na kuitia mfukoni, kifuniko kikafungwa, mashine ikasukumwa ndani ya gunia la mchele, naye akaruka dirisha la nyuma. Yote hayo aliyafanya kabla kichwa chake hakijajua kwamba kilichosikika ni risasi.

Ndivyo walivyo watu wa Palma siku hizi. Mtu aliyeuona mji huu ukiwaka mwezi ule wa Machi, waasi walipouvamia, haketi kufikiri anaposikia mlio. Huchukua kilicho karibu na mkono, akakimbilia kwenye mikoko. Yupo mama aliyetoka mbio na kuku kwapani kwa sababu tairi la pikipiki lilipasuka sokoni, na hakuna aliyemcheka. Lakini betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani. Ilikuwa ikiishi kwa waya tu, na waya ulipochomolewa ilizimika papo hapo, kazi ikiwa nusu.

Chamsudine alikuwa fundi wa simu. Alizaliwa Tungue, kwa mama muuza vitumbua na baba aliyetaka awe mvuvi, lakini bahari ilimtapisha kila alipoingia ndani yake, mpaka baba akakata tamaa. Akavuka mto wa mpaka, Rovuma, akakaa kwa mjomba wake Mtwara, na huko ndiko alikojifunza kubadilisha vioo, kuchomea sehemu za chaji na kufufua simu zilizoanguka chooni. Aliporudi alifungua kibanda cha mbao karibu na soko la Palma, akaoa Wahida, na watu wakamzoea.

Kisha ikaja Machi. Chamsudine na mkewe waliukimbia mji kwa miguu kuelekea kijiji cha Nhica do Rovuma, na njia yenyewe ilikuwa imetapakaa watu. Walimruka mtu aliyelala kifudifudi njiani bila kichwa, wakajua ni jirani yao kwa shati. Wahida alikuwa na mimba kubwa. Alijifungua porini mtoto ambaye hakulia, nao wakamchimbia kaburi kwa mfuniko wa sufuria, kwa sababu hawakuwa na kingine. Baadaye walikaa Pemba, ule mji wa pwani ya kusini, si kisiwa, miongoni mwa waliohamishwa, na huko Chamsudine alihudhuria mafunzo mafupi ya kompyuta. Alirudi Palma na flashi moja yenye Linux, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta, ndani yake, na imani kubwa kuliko ujuzi.

Mwalimu Luzia alimletea kompyuta yake mwaka jana. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Mueda, Mmakonde, Mkristo, aliyefundisha watoto wa Palma miaka mingi hata akajua Kiswahili cha pwani na matusi yake yote. Kabla ya kukimbia vitani aliifunga mashine ile kwa nailoni na kitenge cha kapulana, akaizika uani kwake. Aliporudi aliifukua. Ilikuwa hai, lakini Windows yake ilikuwa nzito kiasi kwamba mtu aliweza kupika chai ikiwa bado inawaka.

"Nasikia unayo ile programu nyepesi," Luzia alisema. "Nataka wanafunzi wangu waitumie. Ila picha zangu za shule zisipotee, Chamsudine. Za kabla ya vita. Hakuna mwingine aliyebaki nazo."

"Hazipotei, senhora professora. Linux naiweka pembeni. Windows inabaki na chumba chake, na picha zako ndani."

"Umeshafanya kazi hii?"

"Mara nyingi."

"Mimi ni mwalimu, mwanangu. Uso huo nauona kila siku kwa mtoto ambaye hakufanya zoezi."

Chamsudine akacheka. "Niliona ikifanywa Pemba. Mara moja."

"Basi fanya polepole," alisema Luzia, akamwachia.

Asubuhi ya siku ile ya risasi Chamsudine alianza kwa kuifungua mashine na kuitoa mchanga uliojaa kwenye feni. Akachomeka flashi, akawasha. Nembo ikatokea, kisha kioo kikawa cheusi na kubaki hivyo. Akazima, akawasha, mambo yakawa yale yale. Mwisho alikumbuka maneno ya mkufunzi wa Pemba: mashine kuukuu huchanganyikiwa pale Linux inapotaka kuushika mtambo wake wa picha, hivyo mwanzoni kabisa uiongezee neno moja, "nomodeset", kuiambia iuache mtambo huo kama ulivyo. Aliandika neno hilo. Herufi nyeupe zikaanza kukimbia juu ya kioo cheusi, mstari baada ya mstari, kama siafu waliomwagiwa maji.

Wakati huohuo Sérgio alisimama mlangoni. Alikuwa kijana wa walinzi wa mtaa, wale wakazi waliojikusanya baada ya vita na kujipatia bunduki moja kuukuu na mapanga, na alikuwa amefuata simu yake.

"Hiyo nini, kaka?" aliuliza.

"Kompyuta."

"Kompyuta haina picha?"

"Rudi mchana, Sérgio. Jua linanipiga kiooni."

Kisha akafanya kosa ambalo mgeni asingeliona kuwa kosa. Alifunga mlango. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia moja kwa moja, na herufi zile zilikuwa hazisomeki. Lakini Palma fundi hafungi mlango tangu vita viishe. Muuza unga hafungi, kinyozi hafungi, hata anayekula chakula chake cha mchana huacha pazia limefunguka, ili anayepita aone kwamba hakuna linalopangwa ndani. Sérgio aliutazama mlango uliofungwa, akaondoka bila simu yake.

Kwa hiyo risasi ile haikuwa ya waasi. Ilikuwa ya walinzi wa mtaa wenyewe, waliokijia kibanda kutoka upande wa msikiti, wakafyatua moja hewani ili aliye ndani atoke na mikono juu. Aliye ndani alitoka kwa dirisha la nyuma, na gunia begani.

Walimkamata kwenye tope la mikoko. Kitako cha bunduki kilimpata katikati ya mgongo, akaanguka juu ya gunia, akalikumbatia. Walimpiga mateke mbavuni ili aliachie. Hakuliachia. Akili yake ilikuwa bado Machi, na Machi kilichoachiwa hakikupatikana tena. Sérgio akamkanyaga mkono wa kulia, akaupiga kwa ubapa wa panga, mara ya kwanza, mara ya pili, na safari ya tatu vidole viwili vikalia kama kuni kavu. Hapo gunia likaachika.

Wakamburuta kurudi kibandani. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na damu ilikuwa ikimwingia machoni kutoka kichwani. Watu wa sokoni walisimama mbali. Wahida alikuja akikimbia na kitambaa kikiwa kimemwanguka mabegani, akamkuta mumewe amepigishwa magoti mbele ya meza yake mwenyewe.

"Mwulizeni mwenye mashine," alisema Wahida. "Ni ya Mwalimu Luzia."

"Rudi nyuma, mama," akasema kiongozi wao.

Aliitwa Domingos. Zamani alikuwa seremala, mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Wahida alimtazama, akaona hapana maneno hapo, akageuka na kukimbilia shuleni.

Domingos akaketi juu ya kigoda cha wateja, bunduki mapajani. "Kwa nini ulikimbia?"

"Mlipiga risasi."

"Mtu asiye na kosa anakimbia?"

"Wewe Machi ulisimama?"

Mlinzi mmoja nyuma alicheka, akajikohoza haraka. Sérgio alimpiga Chamsudine kofi la sikio, dunia ikavuma.

"Nilikiona kioo," Sérgio alisema. "Cheusi, maandishi yanakimbia. Alikuwa anaongea na waasi wa porini. Akanifungia mlango."

"Ilikuwa inawaka tu."

"Basi iwashe tuone," alisema Domingos. "Ikiwa ni kompyuta ya shule, tuone mambo ya shule. Kama si ya shule, tunakwenda shimo la chokaa."

Kila mtu pale alilijua shimo la chokaa. Lilikuwa nyuma ya mji, na waliopelekwa huko na walinzi hawakurudi kueleza walichoulizwa. Sasa uhai wa Chamsudine ulikuwa ndani ya mashine ile, naye alijua kwamba mashine yenyewe ameiharibu kwa mkono wake.

Aliichomeka kwa mkono wa kushoto, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Katika pembe ya juu yakatokea maneno mawili ya Kiingereza, "grub rescue", na alama ikipepesa, ikingoja.

Sérgio alisogeza uso. Alikuwa amefika darasa la kumi. "Rescue ni kuokoa," alimwambia Domingos. "Shefe, anaomba kuokolewa."

Kitako cha bunduki kilimshukia Chamsudine begani. Alipiga paji la uso kwenye ukingo wa meza, na kwa muda aliona mwanga tu.

"Ni mashine inayoomba," alisema alipopata pumzi. "Nilikuwa naipiga programu mpya. Niliposikia risasi nikachomoa waya. Imebaki bila kichwa cha kuiamsha. Nipeni flashi yangu, ile mliyonitoa mfukoni. Itawaka kwa flashi."

Domingos aliigeuza flashi vidoleni. "Ili ufute?"

"Siwezi kufuta unaniangalia."

"Mimi nitajuaje unachofuta? Mimi ni seremala."

"Na wewe ukimwambia mteja ubao huu umeliwa na mchwa, anayeujua ubao ni nani, yeye au wewe?"

Domingos akaiweka flashi mezani. "Ukinidanganya, sikupeleki mbali. Nakumaliza hapa hapa."

Chamsudine akaichomeka, akawasha tena. Nembo ikatokea, kisha giza. Kwa maumivu alikuwa amesahau lile neno moja. Sérgio aliinua panga, safari hii makali yakiwa chini, na Chamsudine akaufunika uso kwa mkono uliovunjika, ambao ulikuwa tayari umevimba kama muhogo.

"Neno moja," alisema. "Nimesahau neno moja. Niacheni niandike."

"Mwache," alisema Domingos.

Aliandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akitafuta kila herufi, damu ikidondoka juu ya kibodi na kuzifanya zitelezeteleze. Herufi nyeupe zikaanza kukimbia. Walinzi wote walirudi hatua nyuma, na mmoja akaikoki bunduki ambayo Domingos alikuwa amempa aishike. Chamsudine hakugeuka. Aliomba dua moyoni, na aligundua kwamba anaiombea feni izunguke.

Kioo kikabadilika. Ikatokea picha ya majani mabichi, na salamu ya Kireno: Bem-vindo, karibu.

Domingos aliinama. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo Linux."

"Na mambo ya shule?"

"Hapa bado ni patupu. Hii ni mpya."

Pale pale akajua amesema vibaya. Domingos alinyooka polepole. "Patupu," alisema. "Sérgio anakuona na maandishi, unafunga mlango, unakimbia, halafu mashine ni tupu. Umefuta, Chamsudine."

"Sikufuta. Picha za mwalimu ziko chumba cha pili, upande wa Windows. Nafungua sasa."

Alibonyeza. Kisanduku cha kosa kikaruka: haifunguki. Alibonyeza tena, kikaruka tena. Alijua sababu. Linux ilipolimega diski ili ipate nafasi, iliuwekea upande wa Windows alama kwamba ukaguliwe, na ukaguzi huo haukuwahi kufanyika. Sasa mlango ulikuwa umejifunga wenyewe. Lakini angewaelezaje watu wale kwamba mlango umejifunga, wakati ni mlango uliofungwa uliomleta mbele ya panga?

"Msimamisheni," alisema Domingos kwa sauti yake ndogo.

Wawili walimshika makwapa. Mmoja alimfungia mikono nyuma kwa mpira wa baiskeli, na mfupa wa kidole ulipogeuka Chamsudine alitoa sauti ambayo hakuwahi kujisikia akiitoa, hata porini.

"Ipo njia," alisema. "Domingos. Ipo njia moja. Nitafungua dirisha jeusi. Litakuwa na maandishi meupe, kama yale aliyoyaona Sérgio. Nitaandika mstari mmoja tu. Usiruhusu wanipige nikilifungua."

"Anataka kuwaita," alisema Sérgio.

"Kwa mtandao gani? Shika simu yako, angalia. Tangu juzi mnara haufanyi kazi."

Mlinzi mmoja aliangalia simu yake, akatikisa kichwa. Kweli hapakuwa na mtandao. Domingos akaufungua mpira wa baiskeli kwa mikono yake. Akachukua bunduki, akaweka mdomo wake nyuma ya shingo ya Chamsudine, pale nywele zinapoanzia.

"Andika."

Dirisha jeusi likafunguka. Chamsudine aliandika amri ya kuifuta ile alama, herufi kwa herufi, akaisoma mara mbili, kwa sababu namba moja isiyo yenyewe ingemfanya aguse sehemu nyingine ya diski na picha za Luzia zisionekane milele. Chuma kilikuwa cha moto shingoni kwa jua. Akabonyeza. Mistari michache ikajitokeza, wa mwisho ukasema imefanikiwa. Akalifunga dirisha, akaubonyeza upande wa Windows.

Ukafunguka.

Palikuwa na majalada ya mitihani, nyimbo za darasa, na jalada la picha. Alilifungua. Picha zikajipanga: watoto wa sare za buluu wakifagia uwanja, watoto wakicheza mpira wa matambara, mwalimu mkuu wa zamani akiwa na tai fupi. Walinzi wakasogea. Shule ile ilikuwa moja tu mtaani, na wengi wao walipita pale, au watoto wao.

"Huyo Fauzi," alisema mmoja. "Mtoto wa Awa. Huyo alichomewa nyumbani."

"Na huyu yuko Montepuez sasa."

"Endelea," alisema Domingos.

Chamsudine aliendelea. Sikukuu ya kufunga mwaka. Wazazi wamepanga mstari kupokea zawadi za watoto wao. Mwanamke mrefu mwenye kapulana ya manjano, kinywa wazi kwa kicheko, amemwinua msichana mdogo juu kama anayempima uzito.

Mdomo wa bunduki ulihama shingoni. Chamsudine alisubiri risasi. Badala yake kiganja kikubwa kilimkamata koo, kikamgeuza na kumbamiza ukutani hata koleo na misumari vikaanguka kutoka rafuni.

"Umempata wapi?" alisema Domingos. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umempata wapi Judite?"

Chamsudine hakuweza kujibu kwa sababu hakuweza kupumua. Miguu yake ilitafuta sakafu. Sérgio mwenyewe ndiye aliyemshika Domingos mkono, "Shefe, shefe, utamuua," na Domingos akamsukuma kijana yule akaangukia lundo la simu mbovu.

"Mwachie," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Mwalimu Luzia, na Wahida nyuma yake, wote wakihema. "Hiyo picha nilipiga mimi, Domingos. Kwa kamera yangu. Mkeo alikuwa anakucheka wewe, ulikuwa umelala kwenye kiti sherehe ikiendelea. Mwachie fundi wangu."

Vidole vikalegea. Chamsudine aliteleza mpaka chini, akikohoa damu. Wahida alimpokea kichwa.

Domingos alisimama mbele ya kioo. Mkewe na binti yao waliuawa barabarani, ndani ya gari walilodhani linawaokoa. Simu zote ziliungua pamoja nao. Tangu siku ile hakuwahi kuiona sura ya Judite ila ndotoni, na ndotoni, aliwahi kuwaambia wenzake, ilikuwa imeanza kuja bila pua, bila macho.

"Itoke humo," alisema bila kugeuka. "Iingie kwenye simu yangu."

"Atawezaje na mkono huo?" alisema Wahida.

"Itoke."

Chamsudine alijiinua. Aliomba simu ya Domingos, akachagua waya, akaelekeza kwa kidole, na Wahida, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akabonyeza alipoambiwa. Picha ikahamia. Domingos aliitazama kwenye kioo kidogo cha simu, akaizima, akaiwasha tena kuhakikisha bado ipo.

"Na huyu?" aliuliza Sérgio, akijifuta vumbi. "Tunampeleka?"

Domingos alimpiga Sérgio ngumi ya mdomo, moja, bila hasira, kama mtu anayepigilia msumari. Akatoka. Wengine wakamfuata, na watu wa sokoni wakapisha njia. Hakuna aliyeomba radhi.

Kituo cha afya kilimfunga Chamsudine vidole kwa vibao. Muuguzi alipouliza, Chamsudine alisema ameanguka kwenye pikipiki, kwa kuwa mlinzi mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akisubiri kuchomwa sindano ya malaria. Muuguzi aliandika pikipiki. Wote wawili walijua.

Vidole vile havikunyooka tena. Haviwezi kushika bisibisi ndogo, na simu za kisasa zina skrubu kama punje za uwele. Kwa wiki kadhaa alikaa nyumbani akiutazama ukuta, naye Wahida alimwacha atazame. Kisha asubuhi moja Luzia alituma mtu kuuliza habari za kompyuta, kwa kuwa bila flashi ilikuwa haiwaki.

Walikwenda wote wawili kibandani. Wahida aliketi mbele ya kibodi, Chamsudine akasimama nyuma yake, mkono mbovu kifuani.

"Andika sudo, kisha nafasi," alisema.

"Sudo ni nani?"

"Ni kuiambia kwamba wewe ndiye mkubwa hapa."

"Haya," alisema Wahida, akaandika. "Endelea. Usinisukume bega."

Alimsomea amri nzima, naye akaiandika polepole, akikosea na kufuta, ulimi ukiwa umeshikwa na meno. Mashine ikarudishiwa kile kipande chake cha kuiamsha. Wakaitoa flashi, wakaiwasha, ikapanda yenyewe mpaka kwenye majani mabichi.

Wahida aliitazama kwa muda. "Mangapi mengine yanaandikwa hivi?"

"Mengi."

"Basi kesho unifundishe kubadilisha kioo pia," alisema. "Skrubu niachie mimi. Wewe kazi yako iwe kusema."